Betri ya ndani ya kempa haichaji: pima kwanza, nunua baadaye

Kempa, van ya safari iliyotiwa kitanda, au lori la Isuzu lililojengewa chumba nyuma, yote hubeba betri za aina mbili. Ya injini kazi yake ni kupiga stata. Ya ndani ndiyo inayobeba friji, taa, pampu ya maji, feni na chaji za simu injini ikiwa imezimwa. Hii ya ndani ikianza kuamka asubuhi imekwisha, mwenye gari hukimbilia dukani kununua nyingine, na haichukui muda hiyo mpya nayo inalala. Betri haikuwa na shida; chaji ndiyo ilikuwa haiifikii. Kwa bei ya betri siku hizi, ni afadhali kutumia nusu siku na mita kwanza.

Kabla ya kushika spana, fanya hesabu, maana mara nyingi hakuna kilichoharibika. Friji ya kompresa ya lita 40 huvuta kama ampea 4 inapounguruma. Kwa joto la Kisumu inaweza kuunguruma nusu ya siku nzima, yaani ampea 4 kwa saa 12, sawa na ampea-saa 48. Inveta (kisanduku kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa soketi) iliyoachwa imewashwa bila kazi yoyote hula kati ya nusu ampea na ampea moja usiku na mchana. Hiyo ni ampea-saa 12 hadi 24 zimepotea bure. Ongeza 15 za taa, feni na simu. Sasa paneli ya wati 100 juu ya paa, jua likiwaka vizuri, hutoa kama ampea 5 kwa muda wa saa tano au sita za maana: ampea-saa 25 hadi 30. Matumizi 75, mapato 30. Betri ya ampea-saa 100 itakufa siku ya pili na hakuna fundi atakayeiponya kwa kubadilisha fyuzi. Kericho na Kakamega, ambako mawingu na mvua hushuka mchana, hata hizo 30 usizitegemee.

Kama hesabu yako iko sawa, safari yenyewe ni kipimo kizuri. Nakuru hadi Kisumu kwa njia ya Kericho ni mwendo wa saa nne hivi. Ukiwa na chaja ya ampea 30 inayotumia alternata (jenereta ya injini), hizo ni ampea-saa 120 kwenye karatasi. Betri ya risasi ya ampea-saa 100 iliyobaki nusu inahitaji 50, ukiongeza zinazopotea njiani ni kama 60. Sehemu ya mwisho huingia polepole, lakini bado unatakiwa kufika ukiwa na betri iliyokaribia kujaa. Egesha, zima kila kitu, subiri saa mbili tatu, kisha pima. Kama mita bado inasoma ile volti 12.2 ya betri nusu uliyotoka nayo Nakuru, kuna mahali mkondo umekatika, na sasa kazi inaanza.

Vifaa si vingi. Mita ya dijitali ya kupima volti. Mita ya kubana waya inayopima ampea, lakini uliza kabla ya kulipa: nyingi za bei rahisi hupima mkondo wa stima ya nyumbani tu, na kwenye betri zitakuonyesha sufuri kila mara, unataka inayosoma mkondo wa moja kwa moja. Balbu ya breki ya wati 21 iliyofungwa nyaya mbili. Spana 10 na 13, brashi ya waya, msasa laini, na kijiko cha magadi ya kuokea kwenye kikombe cha maji ya moto kwa kuoshea ule ukungu wa kijani na mweupe kwenye terminali. Maji hayo ya magadi yasiingie ndani ya betri, kwa hiyo funga vifuniko vyote kwanza.

Balbu hiyo usiidharau. Mita haivuti mkondo wowote wa maana, kwa hiyo waya uliobaki na uzi mmoja mzima bado utaonyesha volti 12.6 safi. Balbu ya wati 21 inavuta karibu ampea 1.75, na waya mbovu utajitangaza wenyewe: balbu itawaka hafifu au itakataa kabisa.

Ya kwanza kupimwa ni betri ikiwa imepumzika, haichaji wala hailishi kitu. Betri ya risasi ya volti 12 iliyojaa husoma 12.7 hivi. Ikisoma 12.4 imebaki robo tatu, 12.2 nusu, 12.0 robo, na 11.8 imekwisha. Ukikuta 10.5 inayogoma kupanda, shuku seli moja iliyokufa, kwa sababu kila seli ni volti 2.1 na ukitoa moja kwenye 12.6 unabaki na hiyo. Lithiamu hazifuati namba hizi. Hukaa 13.1 hadi 13.3 karibu safari yote, kisha huporomoka ghafla, kwa hiyo volti peke yake haikuelezi zimebaki na kiasi gani.

Halafu jaribu chanzo kimoja kimoja: injini peke yake, sola peke yake, stima peke yake. Hatua hii ndiyo watu huruka, na ndiyo inayookoa muda kuliko zote. Kama vyanzo vyote vitatu vinashindwa, tafuta pale vinapokutana: terminali za betri ya ndani, fyuzi kuu, swichi kuu ya kukata, ethi (waya wa hasi uliofungwa kwenye bodi ya gari), au betri yenyewe. Kama viwili vinachaji na kimoja kinagoma, betri iache kabisa. Kosa liko kwenye njia ya hicho kimoja. Fundi anayefungua betri kabla ya kuuliza swali hili anabahatisha kwa pesa zako.

Kwa kila chanzo, pima sehemu mbili: pale chaji inapotoka na kwenye nguzo zenyewe za betri. Nasema nguzo, ile risasi, si klempu iliyoishika. Chaja ikisoma 14.4 na betri ikisoma 12.5, kuna kitu katikati kinakula karibu volti mbili. Zote mbili zikisoma 14.4 mara tu unapowasha, na ampea ni karibu sufuri ilhali betri ilikuwa tupu, basi ni betri ndiyo haipokei. Zote mbili zikibaki 12.5, chanzo hakitoi kitu.

Njia ya injini

Injini ikiwa inanguruma na taa zimezimwa, betri ya injini inapaswa kusoma kati ya 13.8 na 14.4. Chini ya hapo, shughulika na alternata kwanza: fanbelti iliyolegea au iliyoloa mafuta, brashi zilizokwisha, regyuleta, au plagi yake nyuma iliyolegea. Kuna desturi kwenye gereji zetu ya kuchomoa terminali ya betri injini ikiwa inanguruma ili kuona kama gari litazima. Kataa. Kwenye magari ya zamani ilivumilika, lakini volti za alternata hupaa ghafla betri inapoondolewa, na dayodi za alternata au kompyuta ya gari ndizo zinazolipa. Mita inakupa jibu lilelile bila hasara.

Betri ya injini ikiwa sawa, fuata kebo kuelekea nyuma. Lazima kuwe na fyuzi karibu na kila betri, kwa sababu kebo hiyo ina chanzo cha moto pande zote mbili. Fyuzi kubwa za kufungwa kwa boliti huonekana nzima kumbe zimepasuka chini ya kifuniko, kwa hiyo usizitazame tu. Pima volti kutoka upande mmoja wa fyuzi hadi mwingine mkondo ukipita: ukipata karibu sufuri ni nzima, ukipata volti moja au zaidi imekatika, na ukipata 0.3 au 0.4 boliti zake zimelegea au zimeshika kutu.

Baada ya fyuzi kuna rilei, yaani swichi inayofungwa kwa umeme, au chaja ya kati, inayopokea umeme wa alternata na kuupandisha upya kwa ajili ya betri ya ndani. Rilei ya kawaida huamshwa na waya wa swichi ya ufunguo au wa alternata. Nambari zake ziko chini yake: 85 na 86 ni za kuamsha, 30 na 87 ndizo zinazopitisha mkondo mkubwa. Ukisikia inagonga "tak" lakini hakuna chaji nyuma, pima kati ya 30 na 87 mkondo ukipita. Zaidi ya 0.2 maana yake sehemu za ndani zinazogusana zimeungua. Usipoisikia, pima 85 na 86. Mara nyingi ni ethi yake ndogo, ile iliyofungwa kwa skrubu ya bati juu ya rangi.

Rilei zinazojiamsha kwa volti hufunga betri ya injini inapofika kama 13.3 na kuachia inaposhuka kwenye 12.8. Zikiwa zinagonga kila baada ya sekunde chache, si lazima ziwe mbovu. Betri tupu ya nyuma inavuta mkondo mwingi, alternata kwenye sailensi (injini ikizunguka bila kukanyagwa mafuta) haiwezi kuushikilia, volti zinashuka, rilei inaachia, zinapanda tena, inashika. Pandisha injini hadi mizunguko 1,500 kwa dakika chache uone kama inatulia. Ikitulia, angalia fanbelti na unene wa kebo.

Na hapa kwenye kebo ndipo kempa nyingi zilizotengenezewa mtaani huanguka. Chukua 0.0175, zidisha kwa urefu wa waya kwenda na kurudi kwa mita, gawanya kwa unene wa shaba kwa milimita mraba, zidisha kwa ampea. Kutoka boneti hadi chini ya kitanda ni mita 5, kwenda na kurudi 10. Kwa ampea 30, waya wa milimita mraba 6 hupoteza volti 0.87. Alternata ikitoa 14.2, betri inapata 13.3 na haitajaa hata uende Busia na kurudi. Waya wa 16 hupoteza 0.33, wa 25 hupoteza 0.21. Ukiwa na chaja ya kati 16 inatosha, kwa sababu chaja yenyewe hupandisha volti upya. Ukiwa na rilei tupu nenda 25.

Ukinunua kebo, kwaruza uzi mmoja kwa kisu. Ndani ukiona weupe, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu, na ukinzani wake ni zaidi ya mara moja na nusu ya shaba halisi. Huuzwa kwenye maduka ya spika za gari kama kebo nene, na unene wake mwingi ni plastiki. Kwa redio sawa, kwa kuchaji betri hapana. Lagi nazo, vile vichwa vya chuma vya mwisho wa kebo, zibanwe kwa koleo lake maalum. Lagi iliyogongwa kwa nyundo hulegea ndani ambako huoni.

Ethi hupewa lawama kidogo kuliko inavyostahili. Mafundi wengi huvuta kebo nene ya chanya, kisha hasi wanaifunga kwa waya mwembamba kwenye boliti ya kiti. Rudi kwenye hesabu ya juu: mkondo unarudi kwa njia hiyohiyo, kwa hiyo hasi iwe nene sawa na chanya. Kuipima ni rahisi. Mita kwenye volti, ncha moja kwenye nguzo hasi ya betri ya ndani, nyingine kwenye hasi ya betri ya injini, chaji ikipita. Zaidi ya 0.2, kwangua rangi hadi bati liangaze, kaza, paka grisi juu.

Magari mapya kidogo yana alternata inayotawaliwa na kompyuta. Hushusha volti hadi 12.5 au chini ukiwa kwenye mwinuko au mwendo wa kawaida ili kuokoa mafuta, halafu hupandisha ghafla kwenye mteremko. Rilei ya volti hapo itaachia kila mara, na mwenye gari atalalamika kuwa "inachaji siku nyingine". Dawa ni chaja ya kati inayopandisha volti na inayoamshwa na waya wa swichi ya ufunguo, si kwa kuhisi volti. Chaja hizo zina tabia ya kupunguza ampea zikipata joto, kwa hiyo usiifungie kwenye kisanduku kisicho na hewa wala kando ya injini. Ampea 30 asubuhi pale Molo na 12 mchana pale Ahero kwa kawaida ni joto tu, si ubovu.

Malori na mabasi madogo ya volti 24

Isuzu, Rosa na Coaster nyingi za dizeli ni za volti 24, betri mbili za 12 zilizofungwa mfululizo. Fundi akiombwa "twelve ya friji", huitoa katikati, kwenye betri moja tu kati ya hizo mbili. Friji inawaka, kila mtu anafurahi. Lakini alternata huona 28 kwa jumla tu. Haijui nani amepata nini. Ile iliyonyonywa ikikaa 12.6, mwenzake inalazimishwa kuchukua 15.4. Moja inakauka maji, nyingine haijai kamwe, na baada ya miezi zote mbili zinatupwa pamoja na ile ya ndani iliyokuwa ikitegemea hapo. Kinachotakiwa ni chaja ya kutoka 24 kwenda 12 yenye hatua za kuchaji. Kile kisanduku cha kupunguzia volti kwa ajili ya redio si chaja. Hutoa 13.8 au pungufu, na kingine hurudisha mkondo nyuma gari likizimwa.

Sola

Tuko juu ya ikweta, inapita Maseno na Mogotio, kwa hiyo paneli iliyolala bapa juu ya paa haipotezi kitu kikubwa, usihangaike kuinamisha. Hangaika na vumbi, na kivuli cha tangi la maji au cha kerea. Paneli ndogo ikifunikwa seli chache tu, mkondo wake wote hushuka.

Chomoa paneli kwenye kontrola (kisanduku kinachotawala chaji kutoka paneli kwenda betri), pima saa sita mchana. Paneli ya seli 36 ikiwa wazi husoma volti 20 hadi 22. Ukipata sufuri, fungua viungio vya plagi juu ya paa. Maji huingia humo na pini huwa nyeusi. Ukipata volti nzuri, rudisha na pima ampea kwa mita ya kubana. Volti nzuri na ampea sufuri ni fyuzi iliyo kati ya kontrola na betri, au ni kontrola.

Mpangilio wa kufunga ni betri kwanza, paneli baadaye. Kufungua ni paneli kwanza. Kontrola nyingi hujiamulia zenyewe kama mfumo ni wa 12 au 24 zinapowashwa, na ukianza na paneli zinaweza kudhani ni 24, zikangoja betri ifike 28. Angalia pia aina ya betri iliyochaguliwa kwenye kioo. Gel husimama 14.1 hadi 14.2, betri ya maji ikichajiwa kwa mpangilio huo haijai vizuri na hujenga ugumu kwenye sahani zake.

Kuna tatizo moja ambalo nakutana nalo mno kwenye paa za kempa: paneli ya nyumba ya wati 300, ya seli 60, iliyofungwa kwenye kontrola ya kawaida ya bei ya chini. Paneli hiyo hufanya kazi vizuri kwenye volti 32 na ampea 9.4. Kontrola ya kawaida huishusha hadi volti za betri, 13, na ampea zinabaki 9.4 zilezile: wati 122. Nyingine 178 zimebaki juu ya paa. Unahitaji kontrola ya MPPT, inayogeuza volti za ziada kuwa ampea. Hata hivyo, maandishi hayo huchapwa kwenye kisanduku chochote. Ipime ikiwa kazini: kama volti za paneli zimekaa karibu sawa na za betri, na ampea zinazoingia ni sawa na zinazotoka, hiyo ni ya kawaida iliyovaa jina. Ya kweli itaonyesha paneli kwenye 17 au 32 na ampea za kutoka zikizidi za kuingia.

Stima

Hapa ishara moja inakutosha kuanza: taa za ndani zinang'aa ukiwa umechomeka, na zinazimika papo hapo ukichomoa. Chaja ni nzima, ila haijaunganishwa na betri. Angalia swichi kuu ya kukata, mara nyingi iko karibu na mlango na mtu ameigusa kwa goti. Kisha fyuzi. Motohomu za Marekani huwa na fyuzi mbili za kulinda betri iliyofungwa kinyume, kwenye sahani ya chaja, za ampea 30 au 40. Mtu akigusisha chanya na hasi hata kwa sekunde moja, zinakwenda zote mbili. Kwa magari hayohayo kumbuka chaja yao ni ya volti 120. Soketi zetu ni 240. Bila transfoma ya kushusha, chaja haiponi.

Chaja za kisasa hukataa kuanza zikikuta betri chini ya volti 10 hivi, zikidhani hakuna betri au imefungwa kinyume. Kwa betri ya risasi, iunganishe sambamba na nzima kwa waya za jampa, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, washa chaja, ngoja robo saa, kisha ondoa ile nzima. Lithiamu usiifanyie hivyo, kwa sababu tupu na iliyojaa zikikutanishwa ghafla mkondo ni mkubwa mno. Lithiamu inayosoma sufuri kwenye nguzo kwa kawaida haijafa. Ulinzi wake wa ndani umejifunga kwa sababu ilishuka sana. Tumia chaja yenye mpangilio wa kuamsha lithiamu, kwa ampea ndogo. Ulinzi huohuo hukataa kuchaji kwenye baridi ya sufuri, jambo linaloweza kutokea kwenye kambi za juu za Mlima Elgon alfajiri, na hukataa pia kwenye joto kali.

Kama una mita ya asilimia iliyofungwa ukutani, iamini kwa masharti. Inahesabu kile tu kinachopita kwenye shanti yake, kile kipande cha chuma cha kupimia mkondo kilichofungwa kwenye njia ya hasi. Hasi ya sola au ya inveta ikifungwa moja kwa moja kwenye nguzo ya betri badala ya upande wa pili wa shanti, mita haitaiona, na itakuambia betri ni tupu ilhali imejaa, au kinyume chake.

Mwishowe, betri

Njia zote zikiwa safi, sasa ipime. Ya maji ifungue: sahani zikiwa wazi ongeza maji ya betri hadi zifunikwe, si asidi, chaji hadi ijae, kisha pima kila seli kwa haidromita, kifaa cha kupima uzito wa asidi. Iliyojaa husoma 1.265 hadi 1.280. Seli moja ikiwa chini ya nyingine kwa 0.050, hiyo imekwenda, na haina tiba.

Iliyofungwa haina mlango, kwa hiyo ifanyize kazi. Ijaze, ipumzishe usiku kucha, funga balbu ya taa ya mbele ya wati 55, inayovuta kama ampea 4.6. Betri ya ampea-saa 100 ikiendesha balbu hiyo kwa muda wa saa kumi imetoa nusu. Zima, ngoja saa moja, inapaswa kusoma 12.1 au 12.2. Ikiangukia 11 kabla ya saa ya tano, uwezo wake umekwisha hata kama asubuhi husoma 12.7. Zikiwa mbili sambamba, zitenganishe kwanza, maana moja mbovu huinyonya nzima usiku. Ukizirudisha, toa chanya kwenye ya kwanza na hasi kwenye ya mwisho ili zote zichaji sawa, na usichanganye mpya na kuukuu.

Betri iliyoachwa chini ya 12.4 kwa wiki nyingi hugandisha sahani zake, na hiyo ndiyo inayopanda hadi 14.4 kwa dakika mbili bila kupokea kitu. Mashine za kufufua zinazouzwa siziamini sana. Zikifaulu hurudisha kidogo, na kwa betri ambayo haijalala muda mrefu.

Ukilazimika kununua, nenda na mita yako. Betri ya risasi inayosoma chini ya 12.5 dukani imekaa rafuni muda mrefu. Omba nyingine au ondoka. Soma tarehe ya kutengenezwa iliyogongwa kwenye kasha lake. Sema unataka ya sola au ya kutoa polepole, si ya stata, kwa sababu sahani nyembamba za betri ya stata hazivumilii kushushwa nusu kila siku. Ile kuukuu ipeleke ikiwa na asidi yake ndani. Wauzaji wengi huipunguza kwenye bei ya mpya, na wananunua kwa kilo, kwa hiyo asitokee mtu kukushauri uimwage kwanza.